Mboga za Kiangazi kwa Ndoo Moja ya Maji



Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya bustani. Huenda mkauliza, wauguzi wana shughuli gani na bustani? Shughuli tunayo, tena kubwa. Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba, tunapowauliza akina mama kliniki, "Jana mlikula mboga gani nyumbani?", majibu huwa yale yale: maharage, dagaa, au mchuzi wa chumvi na mafuta kidogo. Majani mabichi yametoweka. Mchicha wa nyuma ya nyumba umekauka, matembele yameliwa na mbuzi, na sokoni fungu limepungua huku bei ikipanda.

Mvua nazo zikianza, mboga hazioti siku hiyo hiyo. Zinahitaji wiki tatu au nne. Kwa hiyo nyumba nyingi hukaa karibu miezi minne bila majani ya kutosha. Kwa mtu mzima miezi minne hupita. Lakini mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ameonja chakula kwa miezi 6 tu tangu alipoanzishiwa uji. Miezi minne kwake ni sehemu kubwa ya maisha yake ya kula.

Hatutaki kuchukua kazi ya mabwana shamba, ambao siku hizi huitwa maafisa ugani. Tunataka jambo moja dogo: kila nyumba yenye mtoto mdogo au mama mjamzito iwe na kipande cha kijani karibu na jiko, kinachovuka kiangazi kwa ndoo moja ya maji kwa siku. Tena maji hayo yawe yale yaliyokwisha kutumika. Bustani hii isimwongezee mama hata safari moja ya kisimani.

Kwa nini tunasisitiza majani?

Majani ya kijani kibichi, maboga, papai, embe na viazi vitamu vya rangi ya machungwa (viazi lishe) huupa mwili kitu cha kutengenezea vitamini A. Vitamini hii hulinda macho, ngozi na utando wa ndani wa kifua na tumbo. Mtoto akiikosa kwa muda mrefu, kwanza hushindwa kuona vizuri magharibi inapoingia. Mama huona mwanawe akijikwaa kwenye vigoda au akipapasa kutafuta sahani, wakati watoto wengine bado wanakimbia uani. Baadaye macho hukauka, na hatimaye mtoto anaweza kupofuka kabisa. Hata kabla ya hapo, surua na kuhara humwangusha mtoto huyo vibaya kuliko mwenzake aliyelishwa vizuri.

Majani hayo pia yana madini ya chuma na asidi ya foliki, vitu vinavyohitajika kutengeneza damu. Huku kwetu malaria, minyoo ya safura na mimba za karibu karibu hupunguza damu ya akina mama. Mama anayefika kujifungua akiwa na damu pungufu yuko hatarini hata akitokwa na damu kiasi ambacho mwenzake angekistahimili.

Ni kweli, watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, na akina mama wajawazito hupewa vidonge vya kuongeza damu. Msiviache. Matone huweka akiba katika ini la mtoto, na chakula cha kila siku huitunza akiba hiyo isiishe. Vyote viwili huenda pamoja.

Njia ya misafara inatufundisha nini?

Tabora iko juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini kiangazi chake ni kikali. Tangu Mei hadi Oktoba karibu hakuna mvua, na Oktoba ndio mwezi wa joto kuliko yote. Hali hii si ngeni. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ndipo hapa Tabora, Novemba 1857, walikuta mji wa wafanyabiashara katika nchi hii hii ya Unyanyembe. Wasafiri wa siku zile walitaja bustani zilizozunguka nyumba za wafanyabiashara hao: vitunguu, ngano, ndimu na makomamanga. Livingstone aliingoja misafara ya wapagazi pale Kwihara tangu Machi hadi Agosti 1872, na tembe alimokaa hadi leo ni makumbusho.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walisafiri hasa kiangazi, baada ya mavuno, wakarudi karibu na mvua ili walime. Nyuma walibaki akina mama, watoto na wazee, wakiishi kwa akiba. Ndiyo maana mababu zetu walikuwa hodari wa kukausha: michembe na matobolwa ya viazi, na majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo wengi wa upande wa Nzega na Igunga huyaita nsansa. Wale waliokuwa na bustani zilizoishi kiangazi waliziweka karibu na nyumba na kisima, wala hawakuzitawanya mbali.

Tazameni pia miembe mikubwa iliyo kando ya njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Hakuna anayeimwagilia, na kivuli inatoa. Mche wa muembe hupata shida katika viangazi viwili au vitatu vya kwanza. Ukisaidiwa wakati huo, mizizi hushuka chini kwenye unyevu, kisha mti hujitegemea. Basi tunayo mafunzo matatu: kuweka bustani karibu, kuzuia maji yasipotee, na kukausha akiba mapema.

Ndoo moja inatosha nini?

Katika joto la Septemba na Oktoba, mita moja ya mraba ya mboga huhitaji kiasi cha lita 5 za maji kwa siku. Ndoo ya lita 20, basi, inatosha mita 4 za mraba: tuta moja la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4. Ukiwa na matandazo na kivuli chepesi, ndoo hiyo hiyo inafika mbali zaidi.

Tuta la namna hiyo halilishi ukoo mzima. Linatosha kumpatia mtoto na mama mjamzito majani yao kila siku, na wakati mwingine wengine wote nao wapate. Tunaliona jambo hilo ni kubwa. Tumeona watu wakianza na bustani kubwa mwezi wa Juni, na kufika Septemba wote wamechoka, kila kitu kimekauka. Afadhali mita 4 zinazoishi kuliko robo eka iliyokufa.

Familia inayochota ndoo 5 kwa siku inaweza kupata ndoo moja ya maji yaliyotumika ikiwa beseni litawekwa mahali pa kunawia mikono na pa kuoshea vyombo. Mahali ambapo maji ya Ziwa Victoria yamefika kwa bomba katika miaka ya karibuni, Nzega, Igunga na hapa Tabora mjini, kazi imekuwa nyepesi. Lakini hata huko maji ya bomba yana bili, na yale ya kuoshea vyombo hayana.

Jinsi ya kutengeneza tuta

1. Chagueni mahali karibu na jiko, panapopata jua la asubuhi na kivuli kidogo mchana. Mahali mnapopita mara nyingi ndipo mtakapoona mapema mche unaosinyaa.

2. Kiangazi tuta lizame, lisiinuke. Wakati wa mvua tunainua matuta ili maji yatoke. Kiangazi tunataka yabaki. Chimbeni kina cha urefu wa kiganja na nusu. Changanyeni udongo na debe tatu au nne za samadi iliyooza kabisa au mboji. Rudishieni, lakini uso wa tuta ubaki chini ya ardhi ya pembeni kwa vidole vinne, na kingo ziinuliwe kidogo. Kwenye kichanga, ongezeni debe mbili za udongo wa kichuguu uliopondwa. Udongo huo hushika maji.

3. Wekeni matandazo. Majani makavu, maganda ya karanga au nyasi zisizo na mbegu, unene wa vidole vitatu. Jua likipiga udongo ulio uchi, maji mengi hupotea kabla mizizi haijayanywa. Msichome majani mnayofagia uani. Hiyo ndiyo blanketi ya tuta. Huku kwetu mchwa hupenda matandazo makavu. Yaacheni mbali na shina kwa upana wa vidole vinne, yainueni kila wiki kutazama, na mzungushie majivu kidogo.

4. Tengenezeni kichanja cha kivuli. Nguzo nne za urefu wa mita moja, fito juu, kisha matawi au makuti yaliyotandazwa kwa uwazi ili mwanga upite. Mboga iliyo gizani hurefuka bila nguvu. Upande wa mashariki uachwe wazi.

5. Zungushieni uzio wa miiba au mabua. Kuku huchakura matandazo, na mbuzi mmoja humaliza kazi ya miezi miwili kwa dakika chache.

6. Mwagilieni jua likishatua, au alfajiri. Mimineni polepole karibu na shina, si juu ya majani. Maji mengi mara moja kwa siku ni bora kuliko vitone mara tatu, maana vitone hulowanisha uso tu na mizizi hubaki juu juu. Kabla ya kumwagilia, chomekeni kidole kwenye udongo. Kama chini kuna unyevu, ngojeni hadi kesho.

Kuchimba, kusimamisha nguzo na kufunga uzio ni kazi ya baba na vijana wa nyumbani. Tunasema hivi wazi, kwa sababu mara nyingi shauri la lishe likitolewa kliniki, mzigo wote humwangukia mama aliyekuja na kadi.

Chungu na gunia

Njia mbili zinasaidia sana penye maji machache. Ya kwanza ni chungu cha udongo kisichopakwa mafuta wala rangi. Kizikeni hadi shingoni katikati ya mimea, kijazeni maji na mkifunike. Maji hutoka jasho polepole kupitia ukuta wa chungu, na mizizi huyafuata. Mtajaza tena baada ya siku mbili tatu. Kwa chungu hiki tumieni maji yasiyo na sabuni, ili vitundu visizibe. Asiye na chungu anaweza kutoboa chupa ya plastiki ya maji ya kunywa au soda matundu madogo na kuizika vivyo hivyo.

Ya pili ni bustani ya gunia. Simamisheni gunia, wekeni kopo lisilo na kitako katikati, jazeni mawe madogo ndani ya kopo na udongo wenye mboji pembeni. Vuteni kopo juu kidogo kidogo mkiendelea kujaza, mpaka gunia lote liwe na nguzo ya mawe katikati. Tobaeni matundu ubavuni na kupanda mchicha, sukuma wiki au matembele. Maji hupitia kwenye mawe na kuenea ndani. Njia hii huwafaa wazee, wagonjwa wasioweza kuinama, na wapangaji wa mjini wasio na kiwanja.

Mimea gani ipandwe?

Si kila mboga inafaa kiangazi. Kabichi na nyanya hunywa sana. Waachieni wenye mashamba ya bondeni. Kwa tuta la ndoo moja tunashauri hii:

Mchicha: huliwa baada ya wiki tatu au nne. Pandeni kidogo kidogo kila wiki mbili ili usiishe wote kwa pamoja.

Kunde na mgagani: huvumilia joto. Mgagani ni mchungu kidogo, lakini ukipikwa na maziwa au karanga watoto huupenda.

Matembele: pandeni pale maji ya bafuni yanapotokea.

Mlonge, mpapai na kisamvu: hivi ni vya kudumu. Mlonge ukishashika mizizi hutoa majani hata Oktoba, wakati vingine vimekauka. Pandeni miti mvua zikianza, nao uwe na chungu au chupa yake kwa kiangazi cha kwanza.

Kuokoa mbegu ya viazi lishe

Wengi hupoteza mbegu ya viazi lishe kila mwaka. Kiangazi marando hukauka, mvua zikija watu huhangaika kutafuta, na mwishowe hupanda viazi vyeupe. Viazi vyeupe vinashibisha, lakini havina kile kinachotengeneza vitamini A.

Iko njia ya mchanga. Wakati wa kuvuna chagueni viazi vya kati, vizima, visivyokatwa na jembe wala kutobolewa na wadudu. Vipangeni ndani ya beseni au karai lenye mchanga mkavu uliopoa, visigusane, kisha vifunikeni kwa mchanga. Wekeni mahali pakavu na penye kivuli ndani ya nyumba. Kila mwezi vitazameni na kuondoa kilichooza. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, vipandeni kwenye kitalu kidogo, nusu mita toka kiazi hadi kiazi, na mmwagilie kila baada ya siku tatu au nne. Viazi 40 vilivyotunzwa hivi vinaweza kutoa vipande vya marando kiasi cha 1,500. Hapo hata Jumuiya Ndogo Ndogo nzima itapata. Wenye viazi bado ardhini mwezi huu wasichelewe; kitalu kinatakiwa kiwe tayari katikati ya Septemba.

Tahadhari za afya

Bustani inayoleta ugonjwa haina faida. Tunaomba mzingatie haya.

Maji yaliyotumika. Maji ya kuoshea mchele, mboga na vyombo yanafaa. Maji ya kuogea yapelekwe kwenye miti na migomba. Maji ya kufulia yenye sabuni kali ya unga au dawa ya kung'arisha nguo, na maji yenye chumvi nyingi, msiyatie kwenye tuta. Maji ya kuoshea nepi au nguo za mgonjwa wa kuhara yamwagwe chooni. Msihifadhi maji machafu ndani ya ndoo siku nyingi. Yatumieni siku hiyo hiyo.

Mbu. Mbu huweza kukua kutoka yai hadi kuruka kwa kiasi cha wiki moja hadi siku kumi. Chungu kifunikwe, na pipa lisilo na kifuniko limwagwe na kusuguliwa kila wiki.

Watoto. Ndoo iliyo wazi inatosha kumzamisha mtoto anayeanza kutembea. Shimo la maji lililochimbwa bondeni liwekewe uzio imara, kisha lifukiwe msimu ukiisha.

Kichocho. Anayechota maji bwawani au kwenye madimbwi ya mbuga asisimame ndani ya maji. Wekeni gogo au mawe ya kukanyagia. Mtoto anayekojoa damu aletwe zahanati, dawa ipo.

Miguu. Vaeni viatu mnapotia samadi. Samadi mbichi msitumie, wala kinyesi cha binadamu. Akijikata mtu na jembe, aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kisha aje tuone kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Dawa za tumbaku. Hili tunalisema kwa mkazo kwa ndugu zetu wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Miezi hii hii ndiyo ya vitalu vya tumbaku, na dawa za wadudu ziko majumbani. Dawa ya tumbaku isinyunyiziwe mboga hata kidogo. Mboga huliwa baada ya siku chache, na sumu haijaisha. Chupa, kopo au ndoo iliyowahi kuwa na dawa hiyo isitumike kumwagilia, kuchotea maji wala kuhifadhia mafuta ya kupikia, hata ikioshwa mara kumi. Mtu aliyeshika dawa akianza kutokwa na mate mengi, jasho, kutapika na kuona ukungu, aondolewe hapo, avuliwe nguo zile, aoshwe kwa maji mengi na aletwe hospitali upesi pamoja na karatasi ya dawa hiyo.

Chandarua. Kilichotiwa dawa ni cha kitandani. Msikitandaze juu ya mboga.

Jikoni

Osheni majani kwanza, ndipo mkate. Ukikata kwanza, sehemu ya vitamini huenda na maji. Pikeni kwa muda mfupi, sufuria ikiwa imefunikwa, na maji ya mboga yanywewe au yapikiwe ugali wa mtoto. Tieni karanga zilizotwangwa au kijiko cha mafuta, kwa sababu mwili hauwezi kuchukua vizuri kile cha vitamini A bila mafuta. Kamulieni ndimu juu ya mboga ikishaiva, ili madini ya chuma yaingie vizuri. Chai inyweni baadaye, si pamoja na chakula, kwani chai huyazuia.

Kisamvu kina masharti yake. Kitwangwe sana, kichemshwe bila kufunikwa, na maji ya kwanza yamwagwe. Wakati wa ukame sumu iliyo ndani ya muhogo huongezeka. Mwaka 1985, wilayani Tarime, watu walioishi kwa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha wakati wa ukame walipatwa na ugonjwa wa kupooza miguu unaoitwa konzo. Muhogo mchungu ulowekwe na kukaushwa kama wazee walivyofundisha, hata njaa ikiwa kali.

Nsansa nayo tusiidharau. Aprili na Mei, kunde zikiwa tele, chumeni majani, yaosheni, yatumbukizeni kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, kisha yaanikeni kivulini penye upepo, juu ya mkeka safi, mkiyafunika kwa kitambaa chepesi. Jua kali huharibu vitamini A. Yakikauka hadi kuvunjika, yawekeni ndani ya chombo kikavu chenye mfuniko, mahali pa giza. Mwaka huu muda umepita kwa wengi wetu, lakini andikeni kwenye kalenda ya mwakani.

Maswali tunayoulizwa kliniki

"Mtoto wangu ana miezi minne. Nimwanzishie mboga?" Hapana, mama. Hadi miezi 6 maziwa yako yanamtosha, hata maji asipewe. Kula wewe mboga hizo. Akitimiza miezi 6, mpondee majani laini na karanga ndani ya uji mzito, au kiazi lishe kilichopondwa.

"Mtoto hataki majani." Mwanzo watoto wengi hutema. Mpe kidogo kila siku bila kumlazimisha, ukichanganya na kile anachokipenda. Huweza kuchukua mara nyingi kabla hajazoea.

"Mimi ni mjamzito. Nami nipewe matone ya vitamini A kama mtoto?" Hapana. Kipimo kile kikubwa kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vitamini A ya mboga na matunda haina hatari hiyo. Kula bila wasiwasi, na vidonge vyako vya damu umeze kila siku.

"Mtoto wangu haoni vizuri jioni. Nikazane na mboga kwanza?" Usingoje mboga. Mlete siku hiyo hiyo, kwa sababu anahitaji dawa mara moja. Mboga zifuate nyumbani ili hali isirudi.

"Sisi tunanunua maji. Je, ndoo moja kwa bustani si ufujaji?" Ndoo hiyo mmekwisha kuilipia na kuioshea vyombo. Iliyobaki ni kuipeleka hatua kumi hadi kwenye tuta badala ya kuimwaga njiani.

Wasomaji wapendwa, kabla Agosti haijaisha chimbeni mita zenu 4. Wanajumuiya wagawane mbegu za mchicha na vipande vya matembele, na jirani mzee asiye na nguvu atengenezewe gunia lake. Mkija kliniki mwezi wa Oktoba tutawauliza tena, "Jana mlikula mboga gani?"

Mwezi ujao tutazungumza juu ya visima, na jinsi ya kuvitayarisha kabla mvua za kwanza hazijaleta kuhara. Kwa sasa tunawatakia afya njema.